Mjadala: Kwenye mlo wa wanga kidogo, tubishanie sukari mbadala au sahani ya wanga?

Mleta mada
Wakuu, kila mlo wa wanga kidogo ukitajwa, ugomvi huangukia palepale: stevia, ile sukari mbadala itokanayo na mmea, ni salama au sumu? Mimi naona tunakesha kwenye kitu kidogo. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi za wanga. Wali mweupe uliopikwa una gramu 28 hivi katika kila gramu 100, na mtu mwenye njaa hufikisha gramu 300 bila kujishtukia. Hizo ni gramu 84, sawa na vijiko 21 vya sukari. Sasa mtu anatoa vijiko viwili kwenye chai, anatia kidonge cha sukari mbadala, kisha anaikalia sahani hiyo na kusema yuko kwenye mlo.

Anayelenga chini ya gramu 130 kwa siku, mpaka unaotumika sana kwa mlo wa aina hii, ameshamaliza zaidi ya nusu. Wa keto, yaani mlo wenye wanga mdogo zaidi, wa gramu 20 hadi 50 kwa siku, siku yake imeishia hapo. Msimamo wangu: sukari mbadala ruksa, ukali wote uende kwenye kupima wanga. Pingeni.

Mchangiaji wa kwanza
Napinga. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri watu wasitumie sukari mbadala kama njia ya kudhibiti uzito. Na mwaka huohuo aspatamu, sukari mbadala inayotiwa kwenye soda zisizo na sukari, ikawekwa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Halafu kuna ulimi. Anayekunywa vitamu kutwa, hata kama havina kalori, atazoea lini chakula kisicho na utamu?

Mleta mada
Hoja ya ulimi naiheshimu, hizo mbili nyingine zisomwe mpaka mwisho. Ushauri ule wa WHO ulitolewa kwa masharti, haukuwahusu wenye kisukari tayari, na haukugusa vitamu vya jamii ya erithritoli na zailitoli, viitwavyo alkoholi za sukari. Tafiti nyingi zilizoutegemeza zilifuatilia tu watu wanaotumia vitamu hivi, na wengi huanza kuvitumia kwa sababu wameshanenepa. Kipi kilianza?

Kuhusu saratani, kundi lenyewe ni 2B: ushahidi upo ila ni mdogo. Kamati ya wataalamu wa viambato vya chakula iliupitia wakati huohuo na kikomo hakikubadilika: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa kati ya makopo 9 na 14 ya soda isiyo na sukari ili akivuke.

Mchangiaji wa pili
Mnaliacha tatizo lenyewe: pakiti. Stevia ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, kwa hiyo kinachotosha kikombe ni chembe tu. Ili kijae kijiko huchanganywa na maltodekstrini au glukosi, ambazo ni wanga mtupu! Pakiti moja haina madhara, ila anayeoka keki kwa kikombe kizima ajue anachomimina.

Kisha kuna biskuti za "haina sukari". Geuza nyuma usome: unga wa ngano na maltitoli, ndugu wa erithritoli. Unga ni wanga uleule, na maltitoli hupandisha sukari ya damu, ingawa chini ya sukari ya kawaida. Ukila nyingi, tumbo litakuendesha. Erithritoli haipandishi sukari, sehemu kubwa hutoka na mkojo ilivyo. Lakini utafiti wa mwaka 2023 ulikuta wenye kiwango kikubwa cha erithritoli kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwili nao hujitengenezea erithritoli, kwa hiyo chanzo hakijathibitika. Mimi naitumia kwa uchache.

Mchangiaji wa tatu
Na asali? Si ya asili?

Mchangiaji wa pili
Ya asili, na ina gramu 82 za wanga kwa 100. Mita ya sukari haiulizi imetoka kwa nyuki gani.

Mchangiaji wa nne
Mleta mada, kuhesabu wali kama vijiko vya sukari kunavutia macho ila kunapotosha. Kwa hesabu hiyo maharage nayo ni sukari, wakati karibu theluthi ya wanga wake ni nyuzinyuzi, na wanga uliobaki humeng'enywa polepole. Viazi vya kuchemsha vina gramu 20 kwa 100, muhogo karibu maradufu. Huwezi kuvifunga kwenye kamba moja. Wali au viazi vilivyopoa sehemu ya wanga wake huwa sugu kumeng'enywa, japo ni gramu moja au mbili tu kwa 100. Asiyependa kiporo asijitese.

Mleta mada
Maharage nakubali. Kwa wali nabaki palepale: sukari ya mezani nusu yake ni fruktosi, wanga wa wali wote huishia kuwa glukosi. Gramu kwa gramu, wali mweupe unaweza kuipandisha sukari ya damu sawa na sukari yenyewe au zaidi.

Mchangiaji wa tano
Kabla hamjaendelea: mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, asikate wanga ghafla bila daktari kupunguza dozi. Sukari itashuka mpaka aanguke. Wanaotumia dawa za kisukari za jamii ya gliflozini, zinazotoa sukari kwa mkojo, nao wasiingie keto kimyakimya, wanaweza kupata asidi ya ketoni, yaani damu kujaa asidi kwa kiwango cha hatari, hata mita ikionyesha sukari si ya kutisha.

Mchangiaji wa kwanza
Hilo lipandishwe juu kabisa. Ila swali langu la ulimi bado halijajibiwa.

Mleta mada
Jibu langu: mpe mtu kidonge chake cha chai, apunguze wali kwanza. Akishaweza hilo, tuzungumzie chai.