Nahamia Dar na familia kutoka Mwanza, Goba itatufaa au najidanganya?

Ngosha_Buswelu
Wakuu habari za mchana. Naomba ushauri wa watu wanaoishi huko kabisa, sio wa kusikia. Tunahamia Dar mwezi wa 12, mimi, mke, watoto wawili (mkubwa januari anaingia la nne, mdogo ana miaka minne) pamoja na mama yangu mzazi ambaye ana sukari na anahudhuria kliniki. Mimi kazi itakuwa Posta, wife ni nesi kapata uhamisho kwenda hospitali ya Mloganzila. Hapa Mwanza tunakaa Buswelu, nikisema leo nimechelewa kufika mjini ujue ni nusu saa.

Sasa kuna nyumba imepatikana Goba, kama kilomita moja na nusu kutoka Njia Nne, vyumba vitatu kimoja self, fensi, geti, na uwanja mama anaweza kulima mchicha wake. Laki sita kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Shemeji alienda kuiangalia jumamosi mchana akanitumia video, pametulia hasa, upepo unasikika mpaka kwenye simu. Dalali anasema mpaka Posta ni dakika 40, alafu kuna watu wengine wawili wanaitaka kwahiyo nitume hela ya kuishikilia kesho asubuhi. Naombeni mawazo, nimechanganyikiwa maana nyumba nimeipenda.

konda_mstaafu
Dakika 40 zipo mkuu. Saa tisa usiku.

Na hao watu wawili wanaoitaka nawajua, wapo kwenye kila nyumba ya kila dalali hapa mjini, tangu 2009 napanga sijawahi kukuta nyumba ambayo hao jamaa wawili hawaitaki. Usitume hela.

MamaKinzudi
Kaka karibu Dar. Mimi nipo Goba mwaka wa saba huu na sina mpango wa kuhama, kwahiyo usije ukadhani napaponda. Goba ni pazuri. Ni vilima kwahiyo joto sio la kule chini, watu wamejenga kwa nafasi, na ile Njia Nne ni njia nne kweli: moja inakutoa Tangi Bovu barabara ya Bagamoyo, nyingine Makongo unatokea Ardhi, nyingine Madale mpaka Tegeta, nyingine Mbezi Mwisho. Foleni ikikataa huku unajaribu huku. Mume wangu kazi yake ni Mwenge ndo maana tunamudu.

Shida yako ni hiyo kilomita moja na nusu ya kuingia ndani. Shemeji yako kaenda jumamosi mchana jua linawaka, hapo hata mtaani kwetu unaweza kupiga picha za harusi. Njoo mwezi wa nne masika imekolea. Udongo wa huku unateleza kama umemwagiwa mafuta, na kwa sababu ni mteremko maji yanachimba barabara mpaka inakuwa korongo, leo unapita kesho hupiti. Mwaka juzi gari letu lililala kwa jirani karibu na lami wiki mbili nzima, sisi tunatembea na malapa viatu vipo kwenye mfuko wa rambo. Bajaji wanakuambia shukia hapa mama mimi siingii huko, na boda ya elfu moja na mia tano inageuka elfu tatu na bado anakwambia ushuke kwenye kilima usukume.

Maji nayo usimuulize mwenye nyumba, atakwambia yapo, na kweli bomba lipo. Muulize jirani yanatoka siku gani na saa ngapi, maana nyumba za juu kilimani presha ni ndogo, walio bondeni wanajaza kwanza nyie mnasubiri usiku. Sisi tuna simtank mbili za lita elfu mbili na pampu na bado kuna wiki tunaita boza. 2022 mto Ruvu ulipopungua mji mzima ukaingia kwenye mgao, hapo ndo nilijua nani ana tenki na nani ana ndoo. Angalia kama kuna tenki, lina ukubwa gani, na je limewekwa juu ya mnara au limekaa chini kama pambo.

Halafu LUKU, mita ya umeme. Je ni yenu peke yenu au mnachangia na kibanda cha nyuma? Kuchangia LUKU kumevunja ujirani mwingi kuliko umbea.

Ngosha_Buswelu
Dada asante sana, kuhusu LUKU sikuwaza kabisa, kwenye video kuna kachumba kwa nyuma shemeji kasema ni stoo. Sasa kwahiyo nikipata karibu na lami hapohapo Goba mambo yamekwisha? Maana kwenye ramani naona Mloganzila sio mbali na Goba, ni kama vidole viwili.

sista_zamu
Vidole viwili vya ramani 😂😂

Kaka naomba nikuulize, kwanini watu wote humu wanajadili wewe utafikaje Posta na hakuna aliyeuliza mkeo atarudije usiku? Mimi ni nesi, sio hapo anapokwenda ila maisha ni yaleyale. Zamu ya jioni ikiisha haimaanishi umetoka, unakabidhi wagonjwa, unaandika ripoti, mwenzako amechelewa, unajikuta saa tatu ndo unavua gauni. Sasa piga hesabu, atoke Mloganzila mpaka barabara ya Morogoro, apande mpaka Mbezi Mwisho, hapo atafute gari ya Goba, ashuke Njia Nne, alafu achukue boda kuingia ndani kilomita moja na nusu saa nne na nusu usiku na mvua inanyesha. Na kesho yake anaingia asubuhi. Nilikaa hivyo miaka miwili upande mwingine wa mji, mshahara ulikuwa unaishia kwa bodaboda, na mwenye boda alikuwa anamjua mwanangu kuliko mimi.

Wewe ukichelewa Posta utasema foleni na bosi ataelewa maana na yeye alikuwa kwenye foleni hiyohiyo. Yeye akichelewa kuna mwenzie hawezi kuondoka wodini. Tafuteni upande wake: Kibamba, Luguruni, Kwembe, au Mbezi yenyewe. Wewe ndo wa kuzunguka.

konda_mstaafu
Sista kamaliza. Na wewe wa Posta wala huzunguki sana, ukikaa barabara ya Morogoro unashuka Kimara unaingia mwendokasi mpaka Kivukoni, unatembea kidogo upo ofisini. Ile njia ipo tangu 2016. Shughuli ni kupanda tu, asubuhi pale Kimara uwe umekula. Toka nyumbani saa kumi na moja, ukitoka kumi na mbili hiyo ni safari nyingine.

Mdau wa Madale
Jamani msimtishe mgeni. Kibamba nako mnapasema kama peponi, ingia Kwembe ndani huko uone kama hakuna tope. Tope lipo kote ukiacha lami. Na huku upande wetu kuna shule nyingi binafsi, kwa watoto ni bora zaidi, vijana wangu wote wamesoma huku.

sista_zamu
Mdau nakubali tope lipo. Lakini tope la dakika kumi kutoka kazini na tope la magari matatu sio tope moja.

ticha_wa_zamani
Kwa kuwa shule zimetajwa. Mkuu, huyo anayeingia la nne usimfanyie mchezo. La nne ana upimaji wa taifa mwishoni mwa mwaka na usajili unafanyika kupitia shule aliyopo, kwahiyo hakikisha uhamisho umekamilika januari na namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, unayo mkononi kabla hujaondoka Mwanza. Nimeona wazazi wanahamisha mtoto katikati ya mwaka kwa maneno ya mdomo tu, mwezi wa nane wanaanza kupigiana simu na mwalimu mkuu wa kule.

Pili, anasoma wapi sa hivi, Kayumba (shule ya serikali ya Kiswahili) au ingilishi midiamu? Kama ni Kayumba ukamtumbukize ingilishi midiamu akiwa la nne ataumia, utakuja kusema mtoto kawa mjinga kumbe haelewi swali.

Tatu ni basi la shule. Usiulize ada tu, uliza mtoto wangu atapitiwa saa ngapi na atakuwa wa ngapi kuchukuliwa. Mimi wangu alikuwa wa kwanza kwenye ruti, saa kumi na moja kasoro basi linapiga honi getini, mtoto wa miaka sita anakunywa chai amefumba macho. Jioni anarudi wa mwisho. Tulimhamishia shule ya kutembea kwa mguu, majengo hayana tailizi wala bembea, mtoto akanenepa.

MamaKinzudi
Ticha umenikumbusha kitu. Kaka na mama mzazi je? Nyie wote mkiondoka alfajiri yeye ndo anabaki na huyo mdogo. Mtu wa sukari akizidiwa saa tano asubuhi utampakia boda kwenye huo mteremko? Tafuta nyumba ambayo gari inafika getini hata mvua ikinyesha, hata kama ni ndogo na mchicha atalima kwenye ndoo. Mama yangu analima kwenye ndoo na tunakula.

Ngosha_Buswelu
Wakuu nimesoma yote, mengine nimeyarudia mara mbili. Ukweli nilikuwa naangalia nyumba, sikuangalia watu wa kuishi ndani yake wanaamkia wapi. Dalali nimemwambia nisubiri, akasema basi wale wawili wanakuja na hela leo jioni. Hiyo ilikuwa juzi. Leo kanipigia mwenyewe, imeshuka laki tano na nusu.

Nimemuomba shemeji jumatatu aende Kibamba na Kwembe, nimemwambia afike saa kumi na mbili asubuhi asimame barabarani aone, na jioni arudi tena. Kanuna, kasema nimlipe posho.

Uzi huu nimemuonyesha wife. Kausoma wote kimya, alafu akaniambia "si ndo nilichokwambia jumapili?" Na kweli aliniambia, nilikuwa naangalia mpira.

konda_mstaafu
Huyo dalali alishachukua elfu ishirini ya kuonyesha?

Ngosha_Buswelu
Thelathini mkuu.