Nataka kutoa injini ya 1G kwenye Mark II GX100 niweke injini ya 1JZ mwenyewe nyumbani, Uyole. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya.

Nina Mark II GX100 ya mwaka 1998, aliniachia marehemu baba. Injini ni 1G-FE, gia otomatiki. Mwezi uliopita nikitoka Dar kwenye msiba nilipanda Kitonga nyuma ya foleni ya malori, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nilitakiwa kusimama pale pale, sikusimama, nikasema nifike juu kwanza. Tangu siku ile gari linakunywa maji, asubuhi linatoa moshi mweupe mzito, na nikichomoa kijiti cha oili kinakuja na kitu kama chai ya maziwa.

Nimeuza viazi, nina milioni 5 mkononi na sitarajii nyingine hadi msimu ujao. Muuzaji mmoja Dar ananiambia 1JZ-GE ya VVT-i na gia boksi yake ni milioni 3.4, bila waya na bila kontrol boksi (kompyuta ya injini). Ana nyingine ya D4 kwa milioni 2.2. Nilisoma ufundi magari VETA kabla sijahamia kwenye kilimo, spana ninazo, cheni bloku ninaazima kwa kaka yangu, na uani kuna mti mkubwa wa parachichi wa kuning'inizia injini.

Hela hii inatosha? Nichukue ipi kati ya hizo mbili? Gari hili sitaki kuliuza, baba alilipenda sana.

Fundi umeme wa magari, Mwanjelwa

Pole kwa kumpoteza mzee, mdogo wangu. Hiyo D4 achana nayo kabisa. Ni 1JZ-FSE, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, zikifa bei yake inakaribia ya injini. Nimeona vijana wengi wakivutwa na bei halafu gari linakaa uani mwaka mzima.

Sasa hiyo ya milioni 3.4. Injini bila waya na kontrol boksi ni nusu ya injini. Kwenye 1JZ ya otomatiki, kontrol boksi moja inaongoza injini na gia boksi kwa pamoja. Ukiokota kontrol boksi kwa huyu, waya kwa yule, sensa ya gia boksi kwa mwingine, gari litawaka, ndiyo, lakini gia hazitabadilika vizuri na taa ya injini haitazimika. Utaniletea mimi, nami nitakutoza siku tatu za kutafuta waya mmoja.

Nunua kila kitu kutoka gari moja: injini, gia boksi, waya mzima usiokatwa, kontrol boksi, sensa zote, pedali ya mafuta na kebo yake, hozi, mabano ya mauntini. Na gari lenyewe liwe JZX100, yaani Mark II iliyotoka kiwandani na 1JZ. Bodi ya JZX100 na GX100 yako ni ile ile, Toyota walitofautisha injini, kwa hiyo 1JZ ina makao yake tayari humo ndani. Ukichukua 1JZ iliyotoka kwenye Crown, pima sampo (bakuli la oili chini ya injini) kwanza isije ikakalia krosimemba, kile chuma kinachokingama chini yake.

Waya ukiufikia, usikate. Chomoa soketi moja, bandika karatasi ya gundi, andika inakotoka, piga picha. Nenda inayofuata.

Mkulima wa Tukuyu

Kaka, huo mti hapana. Parachichi lina matawi laini, linapasuka bila kutoa taarifa. Injini hiyo inakaribia kilo 200, ongeza gia boksi. Mimi nilining'iniza kwenye boriti ya banda, mbao ya mkaratusi niliyoiamini. Ilipolia mara ya kwanza nilidhani ni cheni inajipanga. Ilipolia mara ya pili nikamvuta mwanangu shati, akaangukia nyuma, injini ikashuka pale alipokuwa ameweka goti. Mtoto hakuumia, namshukuru Mungu, lakini hadi leo nikisikia mbao ikilia mwili unasisimka.

Nenda kwa wachomeleaji, wakuundie fremu ya mabomba mazito ya chuma, miguu minne, yenye vishikizo vya pembeni. Ukimaliza utaikodisha mtaani. Na ukiingia chini ya gari, liwe juu ya stendi za chuma. Tofali usitumie, hata kwa dakika moja.

Jambo jingine: mfumo wa petroli wa gari lako unashikilia presha hata likiwa limezimwa. Kabla hujafungua bomba lolote chomoa fyuzi ya pampu, washa hadi lizime lenyewe, toa betri. Jiko la mkaa la mama likae mbali na uani siku hiyo.

Dereva wa malori, Makambako

Mimi si fundi, naishi barabarani. Swali langu kwako ni breki. Unaongeza nguvu kwenye gari ambalo breki zake zilipangwa kwa injini ndogo, halafu unakaa Uyole. Kila upande unaotoka ni mteremko: Mlima Nyoka, Inyala, huku Iwambi kushuka Mbalizi. Magari madogo nayakuta Inyala yakinuka pedi, dereva kakanyaga breki tangu juu badala ya kushusha gia. Kwenye hizo milioni 5 sijaona hata shilingi ya disku, pedi, hozi za breki na matairi. Zitenge kwanza, ndiyo uanze kuzungumza injini.

Mstaafu wa gereji, Iringa mjini

Kijana, wenzangu wamekujibu vizuri kuhusu kuweka 1JZ. Mimi nauliza kama unaihitaji.

Ulichoeleza ni gasketi ya silinda hedi (kile kipande cha juu kinachofunika silinda) iliyoungua, pengine na hedi imepinda kwa joto. Hiyo si injini iliyokufa. Fungua hedi, ipeleke kwa wachongaji waipime unyoofu kwa rula ya chuma na wapime nyufa kwa presha. Ikiwa imepinda kidogo inasawazishwa. Weka gasketi mpya, boliti mpya, mkanda wa taiming, pampu ya maji, themostati. Rejeta ifunguliwe isafishwe, maana kuna sababu iliyofanya gari lichemke, na hiyo sababu ingechemsha hata 1JZ.

Angalia pia mfuniko wa rejeta. Huku kwetu juu maji yanachemka mapema kuliko Dar. Mbeya, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko ndio unaoshika presha ili maji yavumilie joto zaidi. Spring yake ikichoka, unapoteza kinga hiyo yote kwa kitu cha bei ndogo. Na weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, acha maji ya bomba.

Kingine, vijana wengi wa nyanda za juu wanailaumu 1G kuwa mvivu. Hewa ya Mbeya ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake. Zile hosipawa 140 za 1G zinabaki kama 115 hapo ulipo. Hata 1JZ-GE yenye 200 itapungua kwa kiasi hicho hicho. Usiihukumu 1G ya baba yako kwa kosa la mlima.

Mwenye uzi

Mzee wangu, shikamoo. Hili la hewa limenigusa kwa sababu nilipima kompresheni (presha ndani ya kila silinda) juzi nikapata psi 138, 140, 85, 80, 139, 141. Kwenye kitabu namba ni kubwa zaidi. Nilidhani silinda zote zimeisha, ndipo nikaanza kutafuta 1JZ.

Mstaafu wa gereji, Iringa mjini

Marahaba. Ulitoa plagi zote sita na kukanyaga mafuta hadi mwisho wakati wa kupima? Kama ndivyo, umeshapata jibu. Injini inayosoma 170 Dar inaweza kusoma karibu 140 Mbeya, kwa sababu inaanza na hewa pungufu. Kitabu kinazungumzia usawa wa bahari. Wewe linganisha silinda kwa silinda, zisiachane zaidi ya psi 14 hivi. Nne zako ni nzima. Ya tatu na ya nne zinakaa jirani na zimeshuka pamoja, gasketi imeungua katikati yake. Pistoni na ringi zako sidhani kama zina tatizo.

Mama mwenye Chaser, Mafinga

Na mimi niongeze, mdogo wangu, kwa siku utakayoamua kubadilisha. Gari langu nililinunua kwa mtu aliyekuwa ameshaweka injini nyingine, kadi ikabaki na namba ya zamani. Nilipotaka kuliuza, kila mnunuzi alisoma namba kwenye bloku, akasoma kadi, akaondoka. Nikahangaika miezi kumtafuta aliyeniuzia, na risiti hakuwa nayo.

Kabla ya kulipa, angalia namba iliyogongwa kwenye bloku haijasagwa. Dai risiti ya EFD yenye hiyo namba, na mkataba wa mauziano. Kisha peleka TRA kadi ibadilishwe, na bima wajulishwe. Ukipata ajali na namba hazilingani, utajieleza peke yako.

Mwenye uzi

Ndaga fijo, wakuu wote. Muuzaji wa Dar nimempigia leo asubuhi, nimemwambia asiniwekee.

Jumamosi nafungua hedi. Ikiwa inasawazishika, natengeneza 1G, nanunua rejeta, disku na pedi za mbele, na fremu ya mabomba naichomelea hata hivyo. Hela itakayobaki haiguswi. Ikiwa hedi imepasuka, nitasubiri mavuno nitafute JZX100 iliyokatwa yenye kila kitu.

Nimekwama kwa kitu kimoja. Tork renchi yangu, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, haisomi tena, na boliti za hedi sitaki kuzikaza kwa kukisia. Kuna mtu Uyole au Igawilo anayeweza kuniazima siku mbili?

Fundi umeme wa magari, Mwanjelwa

Ninayo. Pita Ijumaa baada ya saa kumi. Na ukishafungua, gasketi ya zamani usiitupe, niletee niione kati ya silinda ya tatu na ya nne.