Naomba ushauri: bustani ya Kichina hapa Seattle, watu tuwapateje?

Habari zenu wakuu. Nipo Seattle, Marekani, najitolea kwenye bustani ya Kichina iliyo eneo la chuo cha South Seattle. Ua wake wa kwanza ulifunguliwa 2011, mafundi wakitoka Chongqing, Uchina, mji dada wa Seattle. (Mombasa nayo ni mji dada wa huku, ndiyo iliyonivuta.) Sehemu kubwa ya ramani bado haijajengwa, na bila wananchi kuiunga mkono haitajengwa.

Jumamosi nilikaa mlangoni na vipeperushi masaa matatu. Wakaja watu kumi na mmoja, wawili wakitafuta choo. Wenzetu wa mji wa Portland wana bustani yao ya Kichina, Lan Su, tangu 2000, kazi ya mafundi wa Suzhou, Uchina, tena katikati ya mji. Sisi tuko kilimani, ukipita hutuoni.

Ila mama mmoja wa Kisomali alisimama nusu saa akitazama vigae vya kijivu vya paa, akiuliza nani kavipanga. Mwenzangu anataka tuanze na mashule. Mimi nasema majirani kama huyu, tuwakaribishe chai.

Mliowahi kuchangisha, hata kwa msikiti au zahanati: mnaomba hela mapema, au mnaacha watu wazoee kwanza?