Kazi mradi ya mtoto imeitwa KITOWEO mbele ya darasa zima!

Wagosi wa Tanga, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mnisamehe herufi zikiruka. Mwalimu yule mnamjua, simtaji. Yule yule.

Mpwa wangu kapewa kazi mradi ya somo la Biashara: afuatilie biashara halisi wiki mbili, aandike hesabu zake. Mama yangu anauza samaki soko la Deep Sea, basi likizo nzima mtoto anaamka saa kumi alfajiri, yuko mnadani na bibi yake. Kaandika: tenga 40,000, barafu 3,000, bajaji 2,000, mauzo 52,000, faida 7,000. Kaweka na safu ya madeni, maana mama ntilie wanakopa mpaka Jumamosi. Kagundua mwenyewe kwamba kibua wa asubuhi na kibua wa saa nane si bei moja, kachora na grafu. Siku ya mvua bibi alipata hasara, nayo kaiandika, hakuficha.

Kafika shule, mwalimu kalishika daftari kwa vidole viwili kama kaokota panya. Kalinusa. Kauliza: "Hii kazi mradi au kitoweo?" Darasa likaangua kicheko. Alama 6 kwa 20.

KITOWEO!

Aliyepata 19 kachapiwa steshenari, jalada la plastiki, kazi nzima imenakiliwa mtandaoni na bado ina bei za dola. Dola, mtaani kwetu Ngamiani! Mtaala wa umahiri tunaimbiwa tangu 2005, mwaka 2024 ukaanza mwingine, yote inasema mtoto apimwe kwa anachoweza kufanya. Anachoweza huyu kinanuka samaki, sasa akioshe kwa marashi? Vigezo vya kusahihisha hakuna aliyeonyeshwa.

Mama kaambiwa jioni. Hakusema neno, kaenda kunawa mikono, karudi, kanawa tena. Kitoweo, jamani.

Mgosi wa Raskazone: Mkuu, samaki wenyewe mliwafungia kwenye daftari? Si mngenakili kwenye daftari safi, mambo yaishe.

Mtoa mada: Linanuka kwa sababu kaandika pale pale mnada ukiendelea! Na hata likinuka, mtoto unamwambia kitoweo?

Chaki Nyeupe: Mimi mwalimu. Darasa langu moja lina watoto 90, alama za maendeleo zinatakiwa Ijumaa. Hiyo grafu ya kibua naisoma saa ngapi? Aliyesema kitoweo kakosea, ila njooni msahihishe nyie.

Mama Wawili: Bora nyie. Wa kwangu kaambiwa alete ndoo na fagio, ikaitwa kazi mradi. Ndoo haijarudi mpaka leo.

Pweza Mkavu: Ndoo? Sisi kuku wa mradi wa Kilimo walikua, wakataga, wakatoweka wiki ya kikao cha walimu.

Chaki Nyeupe: Kuku msitusingizie, kuna kicheche.

Pweza Mkavu: Kicheche anayeacha mifupa kwenye sahani?

Barabara ya Kumi na Mbili: Tuache hayo. Mtoa mada, kesho bibi ana kibua? Fungu bei gani?

Mtoa mada: Asubuhi 3,000, saa nane 2,000. Mtoto anayo yote kwenye grafu.

Mama Wawili: Na ndoo yangu je?