V8 ya silinda nane inatembelea nne, halafu MIMI ndiye naambiwa sijui magari!

Msumari wa Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Hasira niliyonayo ukiiunganisha na nyaya inawasha taa kuanzia Msimbati mpaka Liwale, na chaji inabaki.

Mnamjua. Simtaji, wala hana haja ya kutajwa. Mtwara hii wenye V8 ya Kijerumani ya milango miwili wako wangapi? Yule yule anayepaki sheli kiubavu mpaka bajaji zinapita kwa dua. Huyo huyo.

Jana jioni kaja kijiweni kwetu, kashusha kioo: "Fundi, panda uone gari." Nikapanda. V8 naikataaje mimi? Tukatoka kwa fujo, muungurumo ule wa chini kabisa, mbavu zinatikisika, nikasema moyoni leo nimefika. Tumeshika barabara ya Mikindani, kaituliza kwenye themanini hivi, mara KIMYA. Mlio umekata. Natupa jicho kwenye dashibodi, pameandikwa silinda 4. Tumeondoka na nane, nne zimezimwa njiani, ati gari inabana mafuta.

Gari ya mbio, wakuu! Inabana mafuta! Umelipa ushuru wa injini kubwa bandarini, umelipia kila cc, halafu kompyuta inakuzimia nusu bila hodi. Hiyo ni kukodi ngoma ya sindimba, wapigaji nane, ukifika uwanjani wanne wamekaa mkekani wanakula mihogo. Na pesa wamechukua wote!

Tumerudi, nikamwambia kwa heshima zote: "Kaka, hiyo kitu izime. Njia nzima umetembelea silinda nne, sawasawa na Altezza yangu." Watu wakacheka kidogo. Basi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu mbili, akaiweka juu ya boneti ya Altezza yangu, akaigonga kwa kidole, akasema: "Kaweke mafuta, hizo nne zako nazo ziamke."

ELFU MBILI. Juu ya boneti. Mbele ya muuza pweza, mbele ya vijana ninaowafundisha kazi, mbele ya mbuzi wa Shangani nzima. Elfu mbili siku hizi hata lita moja ya petroli haikamiliki!

Altezza yangu ni Toyota ya gia sita za mkono, injini 3S-GE, lita 2, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210 bila turbo. Silinda ni nne, ndiyo, lakini zote nne ziko macho kuanzia unapowasha mpaka unapozima. Haijawahi kunificha hata plagi moja.

Na huu ujanja haukuzaliwa kwa ajili ya gari za mbio. Cadillac waliuleta 1981, V8 inashuka kwenda sita, kisha nne, kwa sababu Marekani walikuwa wameumizwa na bei ya mafuta. Ukawasumbua wateja mpaka mwaka uliofuata wakauondoa kwenye gari zao nyingi. Wekeni kwenye pikapu, wekeni kwenye gari za mashirika. V8 ya milango miwili iachieni koo lake!

Elfu mbili. Akaigonga kwa kidole.

Pweza Mkavu

Naweka kambi. Swali moja tu mkuu, noti uliichukua hukuichukua?

Dau la Shangani

Hilo ndilo swali la msingi.

Mkorosho wa Newala

Kaichukua. Ambaye hakuichukua haandiki uzi mrefu namna hii.

Msumari wa Mikindani

SIKUICHUKUA. Nilimrushia dirishani akiwa anaondoka, upepo ukaipeperusha, bodaboda mmoja kaiokota akasepa nayo. Lakini hoja siyo noti! Hoja ni silinda! Jibuni hoja!

Pweza Mkavu

Kwa hiyo kwenye uzi mzima huu aliyefaidika ni bodaboda.

Spana Kumi na Nne

Mleta uzi povu linamtoka lakini tuseme ukweli wa kifundi. Injini kubwa ikienda taratibu, throto (mlango wa hewa ya injini) imebanwa, pistoni zinahangaika kuvuta hewa. Huko ndiko mafuta yanakopotea. Ukizima nne, zile nyingine inabidi zibebe kazi zaidi, kwa hiyo throto inafunguka na kuvuta hewa kunakuwa rahisi. Zilizozimwa valvu zake zinafungwa zote, za kuingiza na za kutolea, nozeli haimwagi mafuta. Hewa iliyonaswa ndani inabanwa na kutanuka tu, ile nguvu iliyotumika kuibana inarudi karibu yote. Ukikanyaga zinaamka kabla hujamaliza kukanyaga. Farasi hujapoteza hata mmoja.

Corvette ya 2014, lita 6.2, farasi 455, inafanya hivyo hivyo. Na ni Corvette. Sasa wewe wa Mikindani unataka nini zaidi?

Msumari wa Mikindani

Nataka RIDHAA! Corvette hiyo hiyo ya gia za mkono haizimi silinda mpaka dereva achague mwenyewe hali ya kubana mafuta. Mwenyewe, kwa mkono wake! Mbona hapo umeparuka, fundi mwenzangu? Au na wewe umewekewa elfu mbili?

Spana Kumi na Nne

Mimi nawekewa elfu kumi na kuendelea, mkuu.

Bibi Chikongola

Nilikuwepo. Nauza chapati hapo hapo. Huyu anasema alimwambia "kwa heshima zote". Wanangu, alisimama juu ya tairi la spea akawa anatangaza "NNE! NI NNE! NANE ZAKE NI ZA KADI YA GARI!" Chapati zangu zimeungua kwa kumtazama. Yule mwenye gari na yeye kakosa adabu, sikatai, pesa haiwekwi kwenye gari la mwenzako kama unalipia maegesho. Lakini "kwa heshima zote" hapana.

Dau la Shangani

😂😂😂 "nane zake ni za kadi ya gari". Bibi umemaliza uzi.

Msumari wa Mikindani

Bibi nilipaza sauti ili nisikike, kuna jenereta pale! Na wewe mwenyewe umeona noti ilivyowekwa. Juu ya boneti. Ile boneti nimeipiga rangi kwa mikono yangu!

Kamshafti

Nitamtetea mleta uzi kidogo, maana hapa mnacheka tu. V8 ikizimwa nne inatetemeka vibaya na mlio unakuwa mchafu. Wenyewe waliotengeneza wanajua. Audi walipoleta V8 ya lita 4 kwenye S6, S7 na S8 mwaka 2012, inayozima nne, ilibidi waweke maikrofoni ndani ya gari, halafu spika zinatoa sauti ya kuua ule mngurumo. Na maunti, vile vishikio vya injini, zinatikisika kwa kupingana na injini ili abiria asihisi. Gari inaficha aibu yake.

Msumari wa Mikindani

ASANTE! Someni hapo mara mbili! Unaua mlio wa V8, halafu unanunua spika za kuficha kwamba umeua. Mtu mzima na akili zake amekaa kiwandani akaona hilo ni jambo la kufanya kwenye gari ya kukimbia! Na mwenye gari hiyo anakuja kuniwekea mimi elfu mbili!

Nyangao Express

Lamborghini je? Aventador, V12 ya lita 6.5, farasi 700. Kuanzia 2012 waliiwekea hii kitu, chini ya kilomita 135 kwa saa bila kukanyaga sana upande mmoja mzima unazimwa, zinabaki sita. Wakasema ulaji wa jumla umepungua asilimia 7, na ukiwa barabara kuu kwenye 130 hivi asilimia 20. Kama Lamborghini hawakuona aibu, wewe na jirani yako mnagombania nini?

Kamshafti

Sasa fikiria na vibao vyetu vya 50 kila kijiji. Hiyo Lamborghini itoke Mtwara ifike Dar, silinda sita upande wa pili zingejua tu kwa kusimuliwa kwamba kuna safari.

Msumari wa Mikindani

Ndiyo maana nasema! Asilimia 20 ya nini kwa mwenye Lamborghini? Huyo mtu ana shida ya mafuta? Ukiona lita inakuuma usinunue V12, nunua IST, hakuna atakayekusema. Gari ya mbio unanunua kwa sababu kuna asubuhi unataka kuisikia yote. Mimi nimekaa kwenye kiti cha V8 kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nimefumba macho nisikilize, na ikazimwa. Hicho ndicho kinachoniuma. Hicho na ile noti.

Mkorosho wa Newala

Hapo kidogo umenigusa. Ila Altezza yenyewe rangi ya boneti na ya milango ni tofauti, tuseme ukweli.

Mzee wa Ligula

Vijana, wala si jambo la Wajerumani na Wamarekani peke yao. Mitsubishi walikuwa na injini ndogo ya lita 1.4 mwaka 1982, silinda nne, inabaki na mbili. Mbili! Na Wajapani waliopanda walifika kazini. Kubana mafuta si dhambi. Mwenye V8 wetu nampa haki yake, anakaa foleni ya sheli kama sisi.

Msumari wa Mikindani

Mzee wangu shikamoo. Kwenye gari ya kwendea kazini hata ibaki na moja mimi sina neno. Nazungumzia GARI YA MBIO.

Kiroba cha Salfa

Mimi V6 yangu ya Kijapani, siitaji jina, inazima tatu. Nilifurahia mafuta mwanzo. Sasa inakula oili, ukiitoa asubuhi inafuka jirani anafunga madirisha. Fundi mmoja hapa mjini kaniambia tatizo ni plagi, nikabadilisha. Akasema koili, nikabadilisha. Akasema "tuipe muda". Muda gani? Gari siyo mimba!

Spana Kumi na Nne

Silinda zinazozimwa mara nyingi ndizo zinazosumbua, oili inapanda kwenye ringi, plagi zinachafuka. Na kwenye V8 za Kimarekani tapeti zinazofanya hiyo kazi ya kuzima zinajulikana kwa kuganda na kutafuna kamshafti. Lete gari niione, lakini achana na huyo wa "tuipe muda".

Kiroba cha Salfa

Huyo wa "tuipe muda" ana simu yangu ya mkononi mpaka leo, aliazima "apige tu mara moja".

Msumari wa Mikindani

Mnaona? Mnaona?! Tapeti zinaganda, kamshafti inatafunwa! Umeokoa lita mbili tatu, umenunua injini! Nendeni mkamwambie yule!

Dau la Shangani

Nenda wewe, tena na Altezza, akupe elfu tano.

Nyangao Express

Mafundi tuwaache, tatizo la Kusini ni bei yenyewe. EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, wakitoa bei za Jumatano ya kwanza ya mwezi, mimi naangalia mstari wa Dar kwanza, halafu wa kwetu, halafu nakaa chini. Bandari tunayo hapa hapa, meli ya mafuta inashusha hapa hapa!

Mkorosho wa Newala

Na gesi inatoka Mnazi Bay, inapita chini ya miguu yetu kwenda Dar, huko wanafunga mitungi kwenye bajaji, sisi huku tunahesabu silinda za watu.

Pweza Mkavu

HAPO SASA. Huo ndio uzi ulitakiwa kufunguliwa.

Kiroba cha Salfa

Gesi mnalalamika, mimi salfa ya kupulizia mikorosho nimeambiwa "njoo Jumatatu" na kila Jumatatu kuna Jumatatu nyingine. Ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, hausubiri Jumatatu ya mtu.

Mkorosho wa Newala

Na ukishavuna, kangomba, mlanguzi wa korosho, yuko mlangoni na kibaba chake kabla mnada haujatangazwa. Mtoto anadaiwa michango shuleni, utamfukuza?

Msumari wa Mikindani

Jamani uzi ni wa SILINDA. Korosho fungueni wenu!

Nyangao Express

Tulia mkuu, kuna watu wana shida hapa. Na barabara je? 2024 mwezi wa tano Kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, kuna watu walizunguka mpaka Songea ndipo wafike Dar. Mpaka leo nikipita pale natazama chini ya kalvati kwanza.

Bibi Chikongola

Mdogo wangu alilala ndani ya basi pale. Maji ya kunywa waliuziwa bei ya soda.

Kamshafti

Bei ya soda? Mimi niliuziwa yai la kuchemsha bei ya kuku.

Mzee wa Ligula

Waliokwama hata kufika Nangurukuru hawakufika, kimya kimya, hawakuandikwa popote. Mimi nilikuwa na mgonjwa.

Dau la Shangani

Pole mzee. Hivi sasa pakoje? Kuna mzigo wangu wa samaki umepanda basi la alfajiri na simu ya konda haipokelewi.

Nyangao Express

Pako sawa, nimepita juzi. Basi gani, lile jeupe?

Dau la Shangani

Jeupe lenye mstari wa kijani.

Nyangao Express

Hilo nimepishana nalo Mingoyo linabadilisha tairi. Mpigie dereva, siyo konda. Na hao samaki umewawekea barafu au na wewe ulikuwa unabana matumizi?