Wakuu, mkandarasi mmeshamtukana vya kutosha. Sasa tumzungumzie aliyelipwa kumsimamia

Heshima kwenu wakuu. Leo sikuja kwa upole, mtanivumilia.

Tangu mradi wa kuboresha barabara yetu ya biashara uanze, kila anayepita ana lake la kumtukana mkandarasi. Kalipua kazi, kapunja saruji, kaleta vibarua ambao mwiko wameushika juzi. Sawa, sibishi. Lakini mkandarasi yuko pale kutafuta faida, akiona mwanya anapita, na hilo lilijulikana kabla hata zabuni haijafunguliwa. Ndiyo sababu akatafutwa mtu wa pili, akapewa mkataba wake na pesa yake, kazi yake ikiwa kumwambia huyo wa kwanza "hapa bomoa, rudia". Msimamizi wa mradi. Huyo ndiye ninayemtafuta kwenye uzi huu, maana mpaka leo sijasikia amekataa hata jiwe moja la ukingo.

Niseme mapema, kabla ya biashara nilikula vumbi la saiti kwa miaka kadhaa, kwa hiyo msije na habari za "raia hawaelewi mambo ya kitaalamu". Tunaelewa.

Tuanzie chini, kwa sababu chini ndiko kunakoliwa. Taa na mabenchi kila mtu anaviona na kuvihesabu, huko si rahisi kuiba. Pesa inapotelea kwenye mtaro wa kebo, kwenye kitako cha pevingi (tabaka lililo chini ya zile tofali za kutandika njiani), kwenye zege la mfereji, vitu ambavyo vikishafunikwa ndiyo basi. Mchoro wetu unadai bomba la kebo lilazwe juu ya mchanga, lifunikwe kwa mchanga, juu yake upite utepe wa tahadhari, kisha udongo urudishwe tabaka kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe kabla ya linalofuata. Hiyo ndiyo kazi iliyowekewa bei. Kilichofanyika upande wa kushoto ni hiki: gari la msimamizi liliondoka Ijumaa mchana, jioni yake mtambo ukasukumia ndani kila kilichokuwa pembeni. Vipande vya zege la zamani, mifuko mitupu ya saruji, visiki, hadi buti moja la kibarua ambalo sijui mwenzake liko wapi. Utepe wa tahadhari ulibaki na roli yake, umeegemezwa ukutani, haujafunguliwa. Mashine ya kushindilia ikapita juu mara moja, kwa pupa, kama mtu anayepiga pasi shati huku basi linamwacha. Jumatatu msimamizi akakuta pamelala vizuri, akapiga picha, akaondoka.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Mkataba wa mradi huu umefuata mfano wa FIDIC, lile shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kile kitabu chao chekundu cha 1999, kama miradi mingi tu duniani. Kifungu cha 7.3 hakina mafumbo: kazi ikiwa tayari, kabla haijafunikwa, mkandarasi anampa mhandisi, yaani huyo msimamizi wetu, taarifa aje akague. Asipotoa taarifa, mhandisi akitaka, mkandarasi anafukua na kurudishia, yote kwa gharama zake mwenyewe. Rungu amepewa mkononi. Hakuhitaji kikao wala wakili. Alitakiwa kuandika mstari mmoja tu: fukua kutoka nguzo ile hadi nguzo hii. Hakuandika. Kwa hiyo sasa kuna kebo ya umeme imelala kati ya mabonge ya zege, bila utepe juu yake, na atakayekuja kuchimba kesho kutafuta bomba la maji lililopasuka hatapata dalili yoyote kabla sululu haijaufikia umeme. Huo mtaro hauna mzaha, wakuu.

Kisha watu wanashangaa pevingi zimeota mawimbi, wanasema tofali ni mbovu. Tofali hazina shida, nimezigonga, zinalia vizuri. Ubovu uko kwenye kitako. Mchanga wa kulazia unatakiwa uwe tabaka jembamba, milimita 30 hivi, na chini yake pawe pagumu na pamenyooka. Hapa kitako kilikuwa na mabonde, mafundi wakayaziba kwa mchanga ili juu paonekane sawa. Kuna sehemu nimechomoa tofali, kiganja changu chote kikazama. Mchanga mnene namna ile unahama kila gari la mizigo linapopanda kushusha bidhaa, na zege la ukingo likisogea kidogo tu safu nzima inafuata. Kuligundua ni kazi ya dakika chache: chomoa tofali, chomeka rula, soma. Najiuliza kama ofisi nzima ya usimamizi ina rula moja.

Mteremko nao. Njia ya watembea kwa miguu inapaswa kulalia upande wa mfereji, kidogo sana, asilimia 2 hivi, mguu hausikii ila maji yanasikia. Katikati ya barabara yetu mteremko umelalia milango ya maduka. Mvua ya kwanza maji yakaukwepa mfereji mpya, yakaingia ndani kusalimia wateja. Ndoo moja ya maji ikimwagwa pale kabla ya kupokea kazi ingemaliza ubishi wote.

Na zege la mfereji? Vipande vya majaribio vilikuwa vinafinyangwa pembeni, kwa mchanganyiko wake maalumu uliokolea saruji, wakati zege linalokwenda mferejini linaongezwa maji kwa ndoo ili liwe jepesi kusukuma. Kwa hiyo vipande vikipelekwa maabara kukandamizwa siku ya 7 na siku ya 28, majibu yanakuja mazuri ajabu. Yanatupa nguvu ya kipande, si ya mfereji. Mwenye kusimamia anatakiwa aokote zege pale pale linapomwagwa, kwa mkono wa mtu wake, na koni ya kupimia ulaini iwe imesimama karibu. Nimeiona hiyo koni. Vibarua wanaifanyia kiti.

Nije kwenye vigae vya njano, ambavyo kwangu vimevuka uzembe vimekuwa dhihaka. Kwa asiyejua, vile havikuwekwa kwa urembo. Ni ubunifu wa Mjapani Seiichi Miyake wa mwaka 1965, vikatandikwa barabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1967 mjini Okayama, jirani na shule ya wasioona. Vyenye mistari vinamwambia asiyeona endelea, njia iko wazi. Vyenye vinundu vinamwambia simama, kuna kivuko, ngazi au hatari. Basi. Sasa nenda karibu na kituo cha basi. Mistari inakwenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya taa, haikwepi, haina kinundu hata kimoja, inaishia kwenye chuma na kuendelea upande wa pili kana kwamba binadamu ni moshi. Mbele kidogo fundi aliishiwa vigae vya mistari, akamalizia kwa vya vinundu katikati ya njia tupu. Asiyeona akifika hapo anasimama, anasubiri, hajui anasubiri nini.

Lilitokeaje? Misingi ya nguzo ilimwagwa na timu ya umeme kwa mchoro wao, vigae vikaja baadaye na timu nyingine kwa mchoro mwingine. Hakuna aliyechukua michoro miwili akaipandanisha. Na kupandanisha michoro ndiyo usimamizi wenyewe! Fundi wa vigae hakuandikiwa nguzo kwenye karatasi yake, alifuata kamba. Aliyekuwa na karatasi zote mbili mezani ni mmoja tu.

Miti sitaisemea sana. Imepandwa na nailoni zake mizizini, zege likabanwa hadi shinani, itakauka yenyewe na kutoa ushahidi. Mabenchi mawili yanatazama ukuta. Rampu ya kivuko ina kidomo mbele ambacho gurudumu dogo la kitimwendo haliwezi kukipanda, na mteremko wake hata kwa macho hauwezi kuwa ule unaotakiwa wa 1 kwa 12, yaani kupanda mita moja kwa kila mita 12 za urefu.

Kinachotuumiza wenye biashara ni jambo jingine, ambalo nalo mtu anadhani ni la mkandarasi. Barabara nzima ilifumuliwa kwa wakati mmoja, mwanzo hadi mwisho, kisha ikakaa wazi. Kwa nini? Kwa sababu kwenye zabuni kuna ujanja wa zamani: bei za kubomoa na kuchimba zinapandishwa, bei za kazi za mwisho zinashushwa, jumla inabaki ile ile. Kwa hiyo mkandarasi anafumua kila kitu mapema, anavuna pesa nono ya mwanzo, kazi za kumalizia zinakuwa mzigo usio na faida na ndiyo maana zinasuasua. Anayechambua zabuni akiwa macho anaona bei zilizoegemea upande mmoja. Na hata zikimpita, bado anao uwezo wa kudai ratiba ya vipande: malizeni kipande hiki, wekeni madaraja ya muda juu ya mtaro kila mlango, ndipo mhamie kinachofuata. Sisi tulipewa mbao, na nyingine bado zina misumari. Mzee mmoja alipita pale akiwa ameshikwa mkono huku na huku, ndiyo "ufikaji wa wateja" uliohesabiwa kwenye ripoti.

Tulipoitwa kwenye kikao nilisimama nikauliza habari ya ule mtaro. Nikajibiwa kwa tabasamu: "Sehemu hiyo ilishakaguliwa na kulipwa, tusirudi nyuma." Wakuu, nilikuwa na nakala mkononi. Kifungu cha 14.6 cha mkataba ule ule kinasema hati ya malipo haihesabiki kuwa mhandisi ameikubali kazi, na kwamba anaweza kurekebisha kwenye hati inayofuata. Anaweza hata kuzuia gharama ya kurudia kazi iliyokwenda kinyume cha mkataba. Kwa hiyo "ilishalipwa" siyo jibu. Niliposoma kwa sauti, mwenyekiti akasema muda umekwisha, tuhamie mengineyo. Mengineyo yenyewe yalikuwa rangi ya vyombo vya taka.

Kwa bahati, siku hiyo kitabu cha kumbukumbu za saiti kilikuwa mezani, nikakifungua. Kile kitabu kinatakiwa kijazwe kila siku: hali ya hewa, idadi ya vibarua, mitambo iliyopo, kilichofanyika, maelekezo yaliyotolewa. Kurasa nyingi mfululizo zina wino mmoja, mwandiko ule ule usiochoka, hazina doa la vumbi wala udongo. Siku ile ya mafuriko, ambayo sote tulifunga milango, imeandikwa "hali ya hewa nzuri, zege limemwagwa". Sehemu ya maelekezo ya msimamizi kurasa zote hizo ina neno moja: "Hakuna." Sahihi chini, nzuri kweli, ya madaha.

Najua watakuja wa kumtetea, kwamba analipwa kidogo, ana miradi mingi, gari halina mafuta. Inawezekana. Basi aandike barua aseme siwezi kusimamia kwa hali hii, barua hiyo tutaibeba sisi wenyewe hadi kwa mwenye mradi. Kinachoniudhi ni kukosekana saiti halafu kusaini kana kwamba alikuwepo. Akikataa kusaini, mkandarasi halipwi, na mkandarasi asiyelipwa anajifunza adabu upesi kuliko aliyetukanwa. Hakuna mwingine kwenye mradi mzima mwenye uwezo huo.

Sasa nasikia hati ya kukamilika kazi inaandaliwa. Ikitoka, nusu ya pesa iliyozuiliwa kama dhamana inarudi kwa mkandarasi na kipindi cha matazamio, kile ambacho bado anawajibika kurekebisha kasoro, kinaanza kuhesabiwa, kwa kawaida mwaka mmoja. Baada ya hapo tofali zikizama, tutaambiwa ni matumizi yetu. Ninachotaka kabla hajasaini ni mashimo ya majaribio kwenye ule mtaro wa kushoto, mbele yetu, tuone kilichomo. Vigae vya njano vipitiwe na mtu asiyeona, mwenyewe, na fimbo yake, bila kuongozwa. Ndoo za maji zimwagwe mbele ya kila mlango. Na orodha ya kasoro ibandikwe ukutani tuisome, isikae kwenye droo.

Upande wa kulia bado kuna kipande cha mtaro hakijafukiwa, kuanzia kivukoni hadi kwenye kona. Leo ni Alhamisi, na gari la msimamizi Ijumaa mnajua huwa linaondoka saa ngapi. Wenye maduka upande huo, kesho jioni kaeni na simu zenu mlangoni, pigeni picha kabla ya udongo, wakati wa udongo na baada ya udongo, saa na tarehe zionekane. Mziweke hapa hapa kwenye uzi. Nyuso za vibarua zifunikeni, hao hawana kosa.

Nawasilisha.