Mafundi, kurudisha kebo za maikrofoni zikiwa mbovu kuliko zilivyoletwa si kazi ya kulipwa

Ndugu wanajamvi, nina hasira na sitaificha. Nasimamia vyombo vya kwaya yetu hapa Morogoro, na mwezi uliopita nilimpelekea fundi kebo 8 za maikrofoni zenye vichwa vya XLR, yaani vile vya duara vyenye pini tatu, ambazo zilikuwa zikikwaruza kila mwimbaji alipogeuza mkono. Nililipa fedha yote kabla, nikangoja siku 9. Jumapili ya kwanza baada ya kuzichukua, 5 kati yake zilitusumbua kwa mvumo na mkwaruzo hata mahubiri yakasimamishwa.

Nilizifungua nyumbani usiku uleule. Katika kebo 3, wavu wa shaba unaozikinga nyaya mbili za ndani ulikuwa umekatwa badala ya kulehemiwa kwenye pini namba 1. Kinga hiyo isipofika, mvumo wa umeme wa majengo huingia, na maikrofoni ya kondensa, inayotegemea volti 48 kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), haifanyi kazi kabisa, kwa kuwa umeme huo hurudi kwa njia ya pini hiyohiyo. Katika nyingine 2, lehemu ilikuwa imedondoshwa juu ya pini baridi, ikaganda kama tone la kijivu lisilong’aa, na nilipouvuta waya kwa vidole ulichomoka wote. Ya sita haikuvuma, ila nyaya za pini namba 2 na 3 zilikuwa zimebadilishana upande mmoja wa kebo, sauti yake ikawa kinyume na ya maikrofoni nyingine na kuifuta, ndiyo maana besi ilipotea kila waimbaji wawili waliposimama karibu.

Juu ya yote hayo fundi alikuwa amemwaga gundi ya moto. Hiyo gundi ndiyo iliyoniudhi zaidi: kulehemu vibaya huenda ni kutojua, lakini anayefunika anajua anachokifunika.

Na kazi yenyewe haihitaji maajabu. Lehemu ya kawaida ya mafundi redio, yenye bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi. Unaipaka kwanza kwenye pini, unaipaka kwenye ncha ya waya, kisha unaviunganisha kwa sekunde mbili au tatu huku ukipasha moto pini, maana ukizidisha, plastiki inayoshika pini huyeyuka. Halafu unatulia bila kutikisa mpaka igande. Mwisho unapima kwa multimita, kile kipimo cha umeme, pini kwa pini huku ukiichezesha kebo. Fundi asiyepima anawezaje kusema amemaliza?

Nimezirekebisha mwenyewe kwa jioni mbili. Jana nilimrudia, akaniambia kebo zangu zimechakaa. Kebo hizohizo leo zimetumika mazoezini saa tatu nzima, na hakuna hata moja iliyokwaruza. Nadai fedha ya kebo 6, na kesho asubuhi nitafika dukani kwake nikiwa nazo, pamoja na vipande vya gundi nilivyobandua.